Maonyo Yale Yale

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro, na ngazi ya kupandia ilinuka sponji mpya mwaka mzima. Walikuwa watu watatu. Bosi walimwita Kiraka, kwa sababu hakuwahi kutupa kitu ambacho kingeweza kubandikwa. Wa pili alikuwa bwana mrefu aliyeongea kwa nadra, naye jina lake likawa Mkimya. Wa tatu alikuwa mwanamke mwenye miwani minene, na kwa kuwa wenzake hawakuwa watu wa kuhangaika kutafuta majina, walimwita Miwani. Aliitika bila kinyongo.

Waliandika programu za kompyuta zinazotumika hospitalini. Kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya wodi ya watoto njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Kila mtoto hulala ndani ya sanduku la kioo lenye joto, kipimo kidogo kimebandikwa tumboni mwake, na programu hulitazama joto la mwili wake mchana na usiku. Likishuka chini ya digrii thelathini na sita na nusu, kengele hulia na nesi huja. Mtoto wa namna hiyo hana mafuta ya kujikinga. Baridi ambayo wewe na mimi tungeifukuza kwa shuka, yeye inamla kimyakimya.

Asiyeijua kazi hii asiogope, haina uchawi. Programu kubwa haiandikwi na mkono mmoja. Kila mtu huandika kipande chake, kisha programu nyingine huvikusanya vipande vyote, huvikagua na kuviunganisha kuwa kitu kimoja. Pale ofisini programu hiyo waliiita Mjenzi. Mjenzi alipofanya kazi alikuwa akisema, na maneno yake yalipita mbio kwenye kioo cha kompyuta. Alipokuta kosa aliandika kwa rangi nyekundu na kugoma, na hapo hapakuwa na ubishi. Alipokuta jambo la kutilia shaka tu, aliandika onyo kwa rangi ya njano, kisha akaendelea kujenga. Mwishoni alitoa jumla ya maonyo.

Jumla yao ilikuwa arobaini na moja. Ilikuwa hivyo tangu waliponunua sehemu ya programu kwa watu wengine, na maonyo mengi yalikuja nayo kama kunguni kwenye kitanda cha mtumba. Mwanzoni walikusudia kuyasoma. Baadaye wakaona kuyahesabu kunatosha, na hata kuhesabu alihesabu Mjenzi mwenyewe. Kiraka, kutoka mezani kwake karibu na dirisha, aliuliza bila kuinua kichwa, "Mangapi?" Aliyeketi mbele ya kompyuta akajibu, "Yale yale." Kazi ikapelekwa kwa mteja.

"Kelele za mlango hazimnyimi usingizi mwenye nyumba," Kiraka alipenda kusema.

Miwani naye aliulala usingizi huo mpaka dada yake alipojifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa wa kiume, mwepesi kama kuku aliyenyonyolewa, na alilazwa katika wodi ile ile, ndani ya sanduku lililotazamwa na programu ile ile. Tangu hapo rangi ya njano ikaanza kumkera machoni. Wenzake walipotoka kwenda kula mchana, yeye alibaki akisoma onyo moja baada ya jingine, akitafuta maana ya kila neno, kama mtu anayejifunza kusoma barua za wakwe.

Mengine yalikuwa madogo tu: jina limetajwa hapa wala halitumiki popote. Mengine yalikuwa ya jirani mwema: njia hii ni ya zamani, itaondolewa katika toleo lijalo. Kidogo kidogo aligundua kwamba Mjenzi hakuwa mpayukaji kama walivyomdhania. Alikuwa mpole wa kupindukia. Alisema jambo mara moja, kwa sauti ya chini, na usipomsikiliza hakukasirika. Alikujengea ulichotaka.

Siku moja Miwani akatengeneza la kwanza, lile la njia ya zamani. Akamwita Mjenzi, akaiona jumla kwa macho yake: arobaini. Hakumwambia mtu. Alitaka kwanza ayapunguze mengi, ili siku Kiraka akiuliza "Mangapi?" apate jibu la kumfanya ainue kichwa.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na haraka. Hospitali ilikuwa imeongeza masanduku, na Mkimya alikuwa ameandika kipande kipya cha kuyaunganisha yote na mipangilio ya pamoja ya wodi nzima. Fundi wa hospitali alikuwa amesimama mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi, akitazama saa ya ukutani kwa makusudi. Miwani akamwita Mjenzi. Mistari ya njano ikapita. Chini ikatokea jumla.

"Mangapi?" Kiraka akauliza.

Arobaini na moja, ilisema kompyuta.

"Yale yale," akasema Miwani.

Ulimi ulishazoea, haukungoja akili. Fundi akapewa kazi yake, akashuka ngazi mbili mbili.

*

Alasiri, saa ya kuwaona wagonjwa, Miwani alimkuta dada yake kwenye benchi la korido, mbele ya dirisha kubwa la wodi. Kanga ilikuwa imemzunguka mabegani, na macho yake yalikuwa kwenye kioo. Kando yake alikaa mumewe, fundi cherehani, utepe wa kupimia bado shingoni na nyuzi za rangi tatu kwenye shati.

"Shemeji, umekuja mikono mitupu tena," alisema fundi. "Mama mdogo gani wewe?"

"Nimeleta akili."

"Akili haifungwi kwenye kikapu. Ungeleta hata ndizi tungekuelewa."

Dada alitabasamu kidogo, kisha akarudi kwenye kioo. Alikuwa hajalala vizuri tangu ajifungue, na mumewe alikuwa akitania kwa bidii, kama mtu anayekoka moto wa kuni mbichi.

"Lakini leo nakusifu," aliendelea fundi. "Tangu waweke hiyo programu yenu mpya, wodi imetulia. Jana kengele ya mwanangu ililia mpaka nikataka kuivika koti. Leo hata kikohozi. Sikiliza."

Miwani akasikiliza. Ilikuwa kweli. Masanduku yalijipanga chini ya taa nyeupe, manesi wawili walipita kati yao kwa viatu laini, na hakuna kilicholia. Akajisikia fahari kidogo. Mambo ya ofisi yao yalikuwa hayasifiwi mara nyingi.

"Niambie, shemeji," fundi akasema. "Mnajuaje kwamba mmeandika sawasawa? Mtu akikosea si anakosea tu?"

Akamweleza habari za Mjenzi, nyekundu na njano. Fundi alisikiliza kichwa kimeinama upande.

"Kwa hiyo mashine yenyewe inawaonya, nanyi mnapita."

"Hatupiti. Tumeyazoea. Mengi hayana madhara."

"Cherehani yangu ikianza kuruka mshono, sisubiri sindano ivunjike ndipo niseme ilikuwa na madhara."

"Ndiyo maana nimeanza kuyaondoa. Jana nimeondoa moja."

"Kati ya mangapi?"

"Arobaini na moja."

"Basi yamebaki arobaini. Kwa mwendo huo mwanangu ataoa kabla hujamaliza, na kadi ya mwaliko utachelewa kuisoma."

Miwani akacheka, na kicheko kikamkwama katikati. Yamebaki arobaini. Aliyaona mwenyewe yakiwa arobaini. Lakini asubuhi ile, fundi wa hospitali akiwa mlangoni, namba iliyokuwa chini ya kioo haikuwa arobaini.

"Una nini?" akauliza dada yake.

"Napiga simu. Nakuja."

*

Alisimama kwenye kona ya ngazi, mgongo ukutani. Mhudumu alipita akisukuma toroli la mashuka machafu, gurudumu moja likilalamika. Simu iliita mara nyingi kabla Mkimya hajaipokea.

"Mwite Mjenzi upya," akamwambia. "Kazi ya leo asubuhi. Kisha unisomee maonyo."

"Lipi?"

"Yote."

"Miwani, si ni yale yale?"

"Nisomee, tafadhali."

Mkimya hakuwa mtu wa kubishana, hata kwa faida yake. Akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya waliofaulu na lake halimo. Jina halitumiki. Jina halitumiki. Maelezo yamekosekana. Miwani aliyajua karibu yote, yalipita mbele yake kama majirani: huyu namjua, huyu namjua, huyu pia. Alianza kutumaini kwamba aliona vibaya, kwamba ile arobaini ya jana ndiyo iliyokuwa njozi.

"Faili la mipangilio ya wodi," akasoma Mkimya. "Namba yenye desimali inawekwa mahali pa namba kamili. Desimali..."

Ikasikika kibodi ikibonyezwa.

"Maliza."

"Desimali itakatwa."

Huyu hakuwa jirani. Miwani hakuwahi kumwona.

"Ni namba gani hiyo?" aliuliza.

"Ya kengele." Kiti kililia upande wa pili. "Nilikuwa naihamishia kwenye mipangilio ya pamoja. Nikapaandaa mahali pa namba kamili. Haki ya Mungu sikuona, Miwani. Nilisikia jumla, ikawa ile ile."

Thelathini na sita na nusu iliingizwa mahali ambapo nusu haina pa kukaa, ikatoka thelathini na sita. Mjenzi alilisema hilo kwa upole wake, kwa njano, mara moja. Onyo moja lilikuwa limetoka kwa bidii ya Miwani, jingine likaingia kwa haraka ya Mkimya, na jumla ikabaki pale pale kama mlinzi aliyelala amesimama. Wodi haikuwa imetulia. Kengele zilikuwa zinasubiri watoto wapoe zaidi.

Kiraka akaichukua simu. Pumzi yake ilisikika kabla ya maneno.

"Nimesikia yote. Sikiliza, binti. Mkimya anatengeneza sasa hivi, na mimi nakuja na laptopu mwenyewe. Wewe kaa hapo. Usimwambie mtu."

"Turudishe toleo la jana."

"La jana haliyajui masanduku mapya. Yatabaki bila kengele kabisa. Ningojee."

"Na watoto wakati huo?"

"Ni nusu digrii, Miwani. Nusu digrii kwa kipindi cha kutoka hapa mpaka huko. Lakini neno moja likimfikia mganga mkuu, kesho sote tunauza magodoro hapo chini, tena kama watatukubali."

"Mtoto wa dada yangu yumo humo, bosi."

"Najua yumo. Ndiyo nakuomba utulie, usiseme kwa uchungu. Utanielewa baadaye."

Simu ikakatika. Sauti yake haikuwa ya mtu mbaya. Ilikuwa ya mtu anayekimbia huku anatafuta funguo, na hilo ndilo lililomtisha Miwani zaidi.

Akarudi dirishani. Juu ya sanduku la mtoto wao palikuwa na kioo kidogo chenye namba, na kando yake taa. Siku zote zilizopita alikuwa akiitazama taa. Sasa akasoma namba: thelathini na sita nukta mbili. Taa ilikuwa ya kijani.

Jana, kwa namba ile, wodi nzima ingekuwa imesikia.

Akafikiria umbali wa kutoka ofisini. Akafikiria foleni ya magari, Kiraka na laptopu yake nyuma ya pikipiki. Labda kwa kweli ilikuwa nusu digrii tu. Labda angefika, wangebadilisha kimyakimya, na mtu asingejua, na kesho angeketi mezani pake kama kawaida.

"Leo miguu yake ni ya baridi," dada yake alisema ghafla, bila kugeuka. "Nilimgusa nilipokwenda kumlisha. Nikamwambia nesi. Akaniambia, mama, ingekuwa baridi mashine ingelia."

Fundi cherehani hakutania. Alimtazama shemeji yake, na Miwani akaona kwamba alikuwa ameshaanza kuhesabu.

*

Nesi mkuu wa wodi alikuwa mwanamke mfupi mwenye saa iliyoning'inia kifuani. Alikuwa mezani kwake karibu na mlango, akijaza kitu, na hakufurahi kuona mgeni amevuka mstari mwekundu wa sakafuni.

"Sista, samahani. Kengele za leo usiziamini."

"Mdogo wangu, mimi tangu ziletwe siziamini. Zinalia mtoto akipiga chafya. Zinalia nikipita karibu nazo. Wewe nani?"

"Mimi ni mmoja wa wanaoziandika."

Nesi akaweka kalamu chini. "Kumbe mna sura. Nilidhani mko mbinguni. Basi leo nakushukuru, maana mmetuonea huruma, zimenyamaza."

"Hatukuwaonea huruma. Tumekosea. Zilitakiwa zilie chini ya thelathini na sita na nusu. Tangu asubuhi zinangoja mpaka chini ya thelathini na sita."

Nesi aligeuza kichwa taratibu kuelekea masanduku, akausikiliza utulivu ule aliokuwa ameufurahia tangu asubuhi. Uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekumbuka jiko aliloliacha linawaka.

Akainuka. Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alichukua kipimajoto cha mkononi kutoka droo, akamwita mwenzake kwa kidole, wakaanza sanduku moja baada ya jingine, yeye akipima, mwenzake akiandika. Miwani alibaki kwenye mstari mwekundu, akisikia namba tu. Nukta saba. Nukta sita. Nukta moja. Nesi akasimama hapo, akasema neno, na mwenzake akatoka haraka kwenda kumwita mama wa mtoto huyo. Nukta nane. Kisha wakafika kwa mtoto wao.

"Nukta moja," alisema nesi. Dirishani Miwani alikuwa ameona nukta mbili. Joto lilikuwa bado linashuka.

"Mama wa huyu yuko wapi? Njoo, mama. Fungua kifua. Joto lako wewe halihitaji umeme."

Dada yake akapita mbio mbele ya Miwani bila kumtazama. Wakamtoa mtoto, wakamlaza uchi juu ya kifua chake, kofia kichwani, kanga mbili juu. Akawa uvimbe mdogo tu chini ya kidevu cha mama yake.

Fundi cherehani alibaki nje ya kioo. Alivua utepe shingoni, akauviringisha polepole, akautia mfukoni.

"Ulijua saa ngapi?" akamuuliza Miwani aliporudi.

"Sasa hivi. Ulipohesabu wewe."

"Mimi nilikuwa natania."

"Najua, shemeji."

Fundi cherehani alisogea kidogo kwenye benchi. Huenda alikuwa anampisha akae, au huenda hakutaka kugusana naye. Miwani hakuthubutu kuamua, akabaki amesimama.

Kiraka alifika akihema, laptopu kwapani, fundi wa hospitali nyuma yake. Alipoona watoto vifuani mwa mama zao na nesi na kipimajoto chake, alielewa kwamba yamesemwa. Alimtazama Miwani, akafungua mdomo, nesi akamwahi kwa kumuuliza Miwani.

"Ndiye mwenye kengele?"

"Ndiyo, Sista."

"Kaa kwenye kile kiti. Fanya kazi yako. Mganga mkuu anakuja, na nataka akute unafanya kazi, asikute unaeleza."

Kiraka akaketi. Akafungua laptopu. Kipande cha Mkimya kilikuwa kimeshatumwa, kimerekebishwa. Akamwita Mjenzi, mistari ya njano ikapita, na Miwani akasimama nyuma ya bega lake. Chini ikatokea jumla.

"Arobaini," alisema Kiraka, akashusha pumzi. "Limeondoka." Kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kutuma.

"Yapi?" akauliza Miwani.

"Yapi nini?"

"Hayo arobaini, bosi. Ni yapi?"

"Binti, watoto wanasubiri."

"Wako vifuani mwa mama zao, Sista anawapima kwa mkono. Wanaweza kusubiri. Asubuhi sisi ndio hatukusubiri."

Kiraka alimtazama kwa hasira, kisha hasira ikamwisha bila kupata pa kwenda. Alipapasa mfuko wa shati, akatoa miwani ya kusomea yenye mkono mmoja uliofungwa kwa gundi ya karatasi. Miaka yote ile ofisini hakuna aliyewahi kumwona nayo. Akaivaa, akapanda na mistari mpaka juu kabisa, akaweka kidole chini ya onyo la kwanza.

Kutoka ndani ilisikika sauti ya nesi. "Nukta tatu. Mwache hapo hapo, mama, usimsogeze."

Kiraka alisoma mstari hadi mwisho, midomo ikicheza. Akarudia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ili fundi wa hospitali asisikie:

"Hili maana yake nini?"

Miwani akavuta kiti.